Pesa imekatwa kwangu, kwake haijafika: nimerudi tawini baada ya miaka mitatu

#1 Misumari na Mabati

Wakuu, habari za jioni.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Makambako. Tawi la benki yangu liko ng'ambo ya barabara, nikisimama mlangoni naona mpaka mlinzi wao anavyopiga miayo. Pamoja na ukaribu huo, miaka mitatu sikuwa nimeingia mle ndani. Nikaingie kufanya nini? Vijana wangu wawili nawalipa kwa simu, umeme wa LUKU kwa simu, malipo ya serikali unapewa kontroo namba unalipia ukiwa umekaa juu ya mfuko wa saruji. Jirani yangu wa pembejeo kila Jumatatu alikuwa anafunga duka kuwahi foleni, nami namtania kwamba kaajiriwa na benki bila mshahara.

Sasa sikilizeni.

Ijumaa ya juzi kuna lori lilishusha mbao Dar, linarudi tupu, dereva ni mtu wangu. Tukapatana apitie mtaa wa Gerezani, hukohuko Dar, anibebee mabati na misumari. Muuzaji wa Gerezani hana maneno mengi: pesa ikisoma kwake, mzigo unapakiwa, isiposoma, lori lisimzibie mlango. Saa kumi na moja jioni nikatuma 3,740,000 kutoka benki yangu kwenda benki yake. Jina lake likatokea, nikalisoma mara mbili, nikaweka namba ya siri. Kale kaduara kakazunguka. Kakazunguka. Kakaandika "Ombi lako linashughulikiwa".

Nikaangalia salio. Imekatwa. Nikampigia.

"Bosi, huku hamna kitu."

Nikapiga huduma kwa wateja. Kwa Kiswahili bonyeza moja, kwa akaunti binafsi bonyeza mbili, halafu muziki. Muziki ule nimeukariri, naweza kuupiga kwa mluzi. Dakika ishirini na kitu akapokea kijana, mpole sana, akaniambia nisubiri saa ishirini na nne. Nikasubiri. Jumamosi mchana nikapiga tena, akapokea mwingine, mpole vilevile, naye akaniambia nisubiri saa ishirini na nne. Nikamuuliza ni zile za jana au zinaanza upya? Akasema "mfumo unaonesha ombi liko kwenye hatua". Hatua gani? Hatua.

Dereva akaondoka bila mzigo wangu. Simlaumu, lori si lake.

Jumatatu saa mbili na nusu nilikuwa mlangoni kwao. Nikachukua tiketi, namba 14. Mle ndani hakujabadilika kitu: viti vya chuma vilevile, kalamu imefungwa kamba isikimbie, runinga inatangaza mikopo bila sauti. Nikaitwa meza ya pili, yuko dada mmoja wa makamo. Hakuniambia nisubiri. Akachapa taarifa ya akaunti, akachukua kalamu nyekundu akauzungushia duara ule muamala, akanijazisha fomu, akapiga simu makao makuu mbele yangu, akataja jina langu na lake mwenyewe. Kabla sijanyanyuka akaniambia: "Isiporudi mpaka kesho saa sita, njoo hapahapa, usichukue tiketi."

Jumanne saa tano asubuhi ilirudi yote.

Sasa mimi sijatoka humo nikasema turudi kwenye foleni, hapana. Jioni ileile nililipia LUKU kwa simu. Ila nimejiuliza: nilikuwa nikiamini tawi ni jengo la kizamani la kutolea pesa. Kumbe pesa natoa popote. Nilichokosa siku tatu zile ni mtu wa kumshika shati. Ninyi wenzangu tawi bado mnalikanyaga? Mnafuata nini?

Nawasilisha.

#2 Ngoja Waje

Nimewahi siti ya mbele.

#3 Foleni Mwiko

Mkuu, pole kwa usumbufu, ila nikukosoe kidogo. Jumatatu za mwaka mzima ni 52. Jirani yako wa pembejeo akipoteza saa mbili tu kila wiki, ni saa 104 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni zaidi ya 300. Wewe umepoteza siku tatu mara moja. Nani kapata hasara?

Halafu hii imani ya kwamba jengo ndilo usalama. Wewe ni mtu wa mkoa wa Njombe, utakumbuka kuliko mimi wa Sinza. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Njombe Community Bank. Jengo lilikuwepo, meza zilikuwepo, na bila shaka kulikuwa na dada mpole mwenye kalamu nyekundu. Wenye amana wakabaki kuisubiri Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati ule mwisho wake wa kulipa ilikuwa milioni moja na nusu kwa mtu. Siku hizi imepandishwa mpaka 7,500,000. Kinacholinda pesa zako ni sheria na mtaji wa benki. Zege halihusiki.

#4 Misumari na Mabati

#3 hapo kwa Njombe umenishika pabaya, nina ndugu lile suala lilimkuta. Nakubali zege halilindi kitu. Ila soma tena nilichoandika. Sikusema pesa ilikuwa salama kwa sababu ya jengo. Nimesema kilichokuwa kimekwama kilikwamuliwa na mtu mwenye jina. Wale vijana wawili wa simu sikupewa hata majina ya kuwadai.

Hizo saa 104 nazo ni kweli. Nitamwonesha jirani.

#5 Dirisha Namba Tatu

Nimekaa dirishani miaka tisa, kisha ofisi ya nyuma miaka minne, sasa nafuga kuku. Ngoja niwaambie kinachotokea pesa "ikielea", maana watu hufikiri kuna mtu kaikalia.

Zamani kutuma benki nyingine kulikuwa kazi ya kuvaa viatu. Kulikuwa na TISS, mfumo wa malipo wa Benki Kuu, umeanza 2004 na upo mpaka leo kwa malipo makubwa. Unakuja kaunta, unajaza fomu, unasaini, na ukichelewa saa zao, subiri kesho. Sasa kuna mfumo wa TIPS, nao wa Benki Kuu, unaunganisha mabenki na mitandao ya simu, usiku na mchana. Ndiyo maana mnatuma kutoka benki kwenda Airtel Money saa nane za usiku mkiwa mmelala.

Sasa mkuu alipobonyeza, benki yake ilikata pesa kwanza, kisha ikapeleka ujumbe upande wa pili. Upande wa pili unatakiwa ujibu: nimepokea au nimekataa. Usipojibu kwa muda uliowekwa, benki yake inabaki gizani. Huenda mwenzake kaweka pesa ila jibu limepotea njiani. Huenda hakuweka. Benki ikiharakisha kukurudishia na kumbe kule iliingia, imelipa mara mbili, na kumtoa pesa mtu aliyekwishazila ni kazi nyingine. Kwa hiyo inaziweka pembeni kwenye akaunti ya kusubiria mpaka mahesabu ya pande mbili yalinganishwe. Mengi yanajisahihisha yenyewe kabla hujajua. Ya Ijumaa jioni ndiyo yenye mkosi, kwa sababu ofisi ya nyuma inayolinganisha ikikuta rundo, inakuwa Jumatatu.

Yule kijana wa simu hakukudanganya. Ila yeye anaona kioo kimoja tu: liko kwenye hatua. Hana ruhusa ya kugusa. Dada wa meza ya pili naye hana, lakini anamjua kwa jina anayegusa, na akipiga, yule mtu anatoa muamala wako kwenye rundo la mia tatu anauweka juu. Huo ndio uchawi wote.

Ushauri wa bure: usitume pesa ya mzigo Ijumaa baada ya saa tisa. Na ukituma ikaning'inia, USITUME TENA. Nimeona watu wanabonyeza mara tatu kwa hasira na zote tatu zinaingia.

#6 Kiswaswadu Daima

Dah, #5 hapo mwisho umenitaja mimi kabisa. Mara mbili. Fundi wa geti. Alinirudishia nusu, nyingine kasema nimhesabie kazi ijayo. Sina geti lingine.

#7 Mwalimu wa Zamani

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu marahaba.

Mimi ni mstaafu, niko vijijini huku Muheza. Nauli ya bodaboda na gari mpaka mjini, kwenda na kurudi, ni elfu nane. Wajukuu wananicheka: bibi, pensheni inaingia kwenye akaunti, akaunti iko kwenye simu, wakala yuko pale kwenye mwembe, unakwenda mjini kufuata nini? Huwa nawaambia nafuata dawa ya macho.

Nitawaambia ninyi ukweli kwa sababu hamnijui. Simu yangu si yangu. Ni ya ukoo. Mjukuu ndiye aliyeniwekea ile programu, na namba ya siri tuliichagua pamoja, mwaka wa kuzaliwa wa marehemu babu yake. Mwanangu wa pili akija anaomba simu apige, anakaa nayo nusu saa. Pensheni ikiingia inapiga mlio, na meseji inasomwa na mtoto wa darasa la nne kwa sauti mbele ya wageni: "Bibi, umeingiziwa laki..." Kabla ya jua kuzama nina watu watatu wenye shida.

Siwalaumu. Ndiyo maisha yetu. Lakini dirishani naingia peke yangu. Binti anahesabu, ananisukumia chini ya kioo, nahesabu nami kwa ulimi na kidole. Kiasi ninachotaka kijulikane nyumbani naweka kwenye mkoba. Kingine nakiacha kwenye akaunti ya pili ambayo haina simu wala kadi, ina kitabu tu, na kitabu kiko kwa mama mchungaji. Siku nikifa watakutana nacho, watakuwa wamekwisha kulia.

Kwa hiyo elfu nane ile msinihesabie kama hasara. Nanunua siri.

#8 Foleni Mwiko

Shikamoo mwalimu. Kwa hili sina hoja, nimekunja mkia.

#9 Wakala Kijiweni

Marahaba ya mwalimu nimeipokea na mimi ingawa umri unakaribiana 😂

Niko Buza, kibanda cha miamala, mitandao minne na benki mbili. Nyie mnabishana simu na tawi, mmenisahau mimi niliye katikati. Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa mawakala wa benki 2013 ndipo tulipoanza kuweka vile vimashine, na leo watu wa mtaa huu benki kwao ni mimi. Wanaweka, wanatoa, wanalipa ada za shule. Tawi lenyewe wengi hawajui lilipo.

Yanayonisumbua ni mawili.

La kwanza, keshi. Tarehe za mishahara wote wanakuja kutoa, keshi inaniishia saa nne asubuhi. Nafanyaje? Nakimbilia tawini kuchukua keshi! Kwa hiyo #3, hiyo foleni unayoikimbia ujue kuna mtu anaipanga kwa niaba yako. Noti haziji kwa bando.

La pili, namba ya siri. Anakuja mzee, ananipa simu: "Nitolee elfu hamsini, namba ni hiyo nyuma." Nafungua kava, kuna kikaratasi. Kadi ya ATM, kitambulisho cha NIDA na kikaratasi cha namba ya siri, vyote vimelala pamoja kama ndugu. Namwambia mzee, usinipe mimi. Ananiangalia kama nimemtukana: "Kwani wewe mwizi?" Ningekuwa mwizi ningeshajenga Chanika.

Halafu msisahau Julai 2021, serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu. Muamala mkubwa ulikuwa unakatwa mpaka shilingi elfu kumi, juu ya makato ya kawaida. Hapa kibandani palipoa kama msibani. Watu waliokuwa wamesahau rangi ya noti wakarudi kupeana mkono kwa mkono, mwingine anampa kondakta bahasha ampelekee mama Morogoro. Septemba wakapunguza asilimia 30, baadaye ikaguswa mpaka miamala ya benki, wakapunguza tena, mwisho wakaondoa tozo ya kutuma. Lakini wapo wateja wangu hawakurudi kabisa. Mtu akishakatwa pale alipoamini hakatwi, anakumbuka.

#10 Subira Yavuta

Na mimi nieleze yangu, naomba msinitukane.

Jumamosi moja saa nane mchana mtandao ukapotea kwenye simu yangu. Nikazima, nikawasha. Hamna. Nikasema kampuni hizi bwana, wamezoea. Dada yangu tumekaa kochi moja, mtandao uleule, yeye anachati. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka na sikushtuka. Jumapili kanisani, Jumatatu nikaenda kurudisha laini. Iliposoma tu, meseji zikaanza kumiminika. Milioni mbili na laki sita zimetoka kwa mafungu, zote Jumamosi kati ya saa nane na saa kumi.

Nilikwenda tawini. Wakasema laini yako ilihamishwa, nenda kampuni ya simu. Kampuni ya simu wakasema aliyehamisha alikuwa na taarifa zako zote, na pesa zimetoka benki, nenda benki. Nikawa mpira. Polisi nimepewa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu. Ni mwezi wa saba sasa.

Na kweli, Ijumaa yake nilipigiwa na "mhudumu" akaniita majina yangu matatu, akataja na tarehe ya kuzaliwa, akaniomba namba sita zilizoingia kwenye meseji "kuhakiki usajili". Nilizitaja. Ndiyo, nilizitaja. Nilikuwa nakaanga vitumbua, mkono mmoja mafuta, simu begani.

Ninachotaka mwenzangu ajue: mtandao ukipotea kwako peke yako na jirani anao, usingoje Jumatatu. Azima simu, piga benki wafunge akaunti, saa ileile. Na bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilikuta moja siijui.

#11 Dirisha Namba Tatu

Pole sana dada. Wala hakuna wa kukucheka, wamepigwa hivyo mameneja wa matawi.

Niongeze moja. Benki na kampuni ya simu wakikurusharusha, omba jibu la KILA mmoja kwa maandishi. Barua yenye muhuri. Barua hizo mbili, RB na taarifa ya akaunti, peleka Benki Kuu, wana dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Malalamiko ya mdomo hayana miguu. Na hapa ndipo nasema tawi lina kazi, maana muhuri haujawahi kutoka kwenye simu.

Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", msizifute tu, zipelekeni 15040, ni namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kazi hiyo.

#12 Subira Yavuta

Asante kaka. Ya maandishi sikuwahi kuomba. Kesho naenda.

#13 Mwana wa Mji wa Kale

Ndugu zangu wa Bara, salamu kutoka Mombasa.

Sisi huku tulianza ndoa na simu mapema, M-Pesa imeingia Machi 2007, kwa hiyo hata ugomvi wake tumeuzoea. Ukikosea namba, ile meseji ya muamala unaipeleka 456, na yule wa pili kama hajazitoa huzuiliwa zisitoke mpaka ijulikane. Akiwa ashazitoa, basi hapo ni wewe na Mola wako. Raha yake ni kuwa huhitaji kwenda popote wala kumbembeleza mtu. Karaha yake ni hiyohiyo.

Mimi tawini naenda kwa jambo moja tu: mkopo. Hivi vimkopo vya simu ni vya kununua unga. Nilipotaka kujenga ghorofa ya pili ya marehemu baba, hakuna simu iliyokubali. Nilikaa na meneja, akatoka akaja akaiona nyumba kwa macho yake, akanywa na kahawa pale barazani. Nikapata. Mashine ingeona tu kwamba mimi nauza samaki na mapato yangu yanapanda na kushuka kama bahari yenyewe.

#14 Foleni Mwiko

Au ingeona hulipi, ikakunyima, ukanusurika na riba 😀

#15 Mwana wa Mji wa Kale

Nimebakisha miezi minne, alhamdulillahi. Njoo ule samaki ukatubu.

#16 Mbeba Boksi

Niko Uingereza, mji mdogo nje ya Glasgow. Niwaoneshe mwisho wa hii filamu.

Mtaa wetu mkuu ulikuwa na benki, zimeondoka moja baada ya nyingine. Sababu ileile: wateja wote wako kwenye simu, jengo ni gharama. Wazee wakapiga kelele, wenye maduka madogo wakapiga kelele, maana mauzo ya keshi wanayapeleka wapi? Mwaka 2021 wakajaribu kitu katika miji miwili, Cambuslang huku Scotland na Rochford kule Essex: chumba kimoja cha mabenki yote. Kaunta ni ya Posta, unaweka na kutoa pesa ya benki yoyote, na kila siku ya wiki anakuja afisa wa benki tofauti kusikiliza shida. Siku ya benki yako ikipita, subiri wiki ijayo. Limefanikiwa, sasa viko vingi.

Fikirieni. Wametumia miaka kufunga milango, halafu wakalipa kufungua mmoja wa kushirikiana. Pale ndani nimemkuta bibi mmoja na karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, kaja siku isiyo ya benki yake. Akapewa kiti. Akasema hana haraka, atakaa tu.

Ukweli mwingine: nikituma pesa Tanga kwa mama, natumia simu, dakika mbili zimefika. Siku nilipotaka kufungua akaunti ya ujenzi nyumbani, niliambiwa nitume nakala ya pasipoti iliyothibitishwa na wakili, na sahihi ya kalamu. Kwa hiyo dunia yote bado iko nusu nusu.

#17 Wakala Kijiweni

Pesa ya "akaunti ya ujenzi" umetuma kwa nani, mkuu? Kaka yako? Nyumba imefika lenta? 👀

#18 Mbeba Boksi

Tusifike huko.

#19 Kiswaswadu Daima

Swali la kweli kwa wataalamu. Mimi simu janja sina na sitaki. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, wenzangu kazini walikuwa wanaitikisa simu kama chupa ya dawa, mimi nabonyeza menyu yangu ya nyota na reli natuma pesa kama kawaida. Je, ni kweli kwamba nyota ni salama kuliko programu?

#20 Dirisha Namba Tatu

Ulikuwa na bahati na ulikuwa na mantiki pia. Zilizokatika zilikuwa EASSy na Seacom, zinazotuunganisha na nje. Menyu ya nyota inapita kwenye mtandao wa simu wa hapahapa, haihitaji bando, ndiyo maana ilikuwa afadhali. Kwa usalama ni hadithi nyingine: menyu ya nyota inategemea laini yako. Anayeiteka laini kama alivyofanyiwa dada #10, akiwa na namba ya siri, kamaliza. Programu nyingi hutaka pia zitambue simu yenyewe. Lakini zote mbili zinakufa kwa ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ni kutaja namba kwenye simu.

#21 Mwalimu wa Zamani

Dirisha Namba Tatu, mwanangu, nimekusoma toka juu. Nikitaka kubadili ile namba ya siri ya mwaka wa babu yao bila mjukuu kujua, nafanyaje? Nieleze polepole.

#22 Dirisha Namba Tatu

Mama, shikamoo. Ukienda mjini mwezi ujao, chukua simu, usiende na mjukuu. Mwambie yule binti wa dirishani akupeleke meza ya huduma kwa wateja. Watakuonesha, ila wewe mwenyewe ndiye ubonyeze, na wao wageuze uso. Usichague mwaka wa mtu yeyote. Na ile meseji yenye mlio, waulize kama unaweza kuizima kwenye akaunti.

#23 Mwalimu wa Zamani

Kumbe mlio unazimwa?

#24 Misumari na Mabati

Wakuu, mrejesho.

Mzigo wangu umepakiwa jana. Safari hii nimetuma Jumatano saa nne asubuhi, kwa simu, nikiwa dukani. Iliingia kabla sijaiweka simu mezani, muuzaji akanipigia yeye: "Bosi, imesoma." Kwa hiyo #3 ushindi wako huo, chukua.

Ila nimefanya kitu kimoja. Jumanne ile pesa iliporudi, nilivuka barabara kwenda kumshukuru yule dada wa meza ya pili. Nilimpelekea parachichi kumi. Akacheka, akasema sheria hairuhusu zawadi, akachukua mbili "za kuonja", nane akawagawia walinzi. Akaniandikia namba yake nyuma ya slipu. Nimeisevu "Benki Meza ya Pili". Juzi nimemtumia meseji WhatsApp kuuliza kitu kuhusu makato, kajibu ndani ya dakika tano. Sijapigiwa muziki.

Yule jirani wa pembejeo nilipomweleza akanitazama tu. Akatoa simu yake, akanionesha. Anayo namba ya meneja, ya afisa mikopo, na ya kijana anayejaza pesa kwenye ATM. Miaka yote hiyo namwita mjinga wa Jumatatu.

#25 Foleni Mwiko

Mkuu nina akaunti benki hiyohiyo nadhani. Nirushie PM hiyo namba ya Meza ya Pili.

#26 Misumari na Mabati

Chukua tiketi.